Spoila kubwa ya nyuma: inafanya kazi kweli au ni urembo tu?

GiaTano aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Kila penye Impreza, Evo au Altezza yenye bawa refu juu ya buti hapakosi ubishi. Hawa wanasema lile dude linaikandamiza gari isipeperuke kwenye spidi, wale wanasema ni kichanja cha kuanikia dagaa. Nimesoma hoja za pande zote na sijaona mtu akitaja namba.

Gari inayozungumziwa hapa ni Impreza sedani ya kawaida, siyo STI (lile toleo la kasi). Njia zake ni barabara kuu za lami na mjini, uwanja wa mashindano haujui. Maswali yangu ni haya: linaanza kufanya kazi kwenye spidi ngapi? Kile kimdomo kidogo kinachobandikwa ukingoni mwa buti kina tofauti gani na bawa lenye miguu? Na mtu akinunua la dukani akamkabidhi fundi, ni kitu gani huwa kinaharibika baadaye?

Jibu la "inategemea" nalikubali, ila mtu aseme inategemea nini.

---

HewaNaKona alijibu:

Mtaani vyote tunaviita spoila, na nusu ya ubishi inatoka hapo. Vitenganishe.

Kile kimdomo kinalala juu ya bodi, hewa haipiti chini yake. Mgongo wa sedani umejipinda kama mgongo wa bawa la ndege: hewa inayoteremka kwenye kioo cha nyuma inaongeza kasi, presha inashuka, mkia unavutwa juu. Kimdomo kinauvunja ule mteremko. Hewa inajikusanya mbele yake, presha juu ya buti inapanda, na ile nguvu ya kuinua mkia inapungua au inakwisha. Kwa hiyo kimdomo kwa kawaida hakiongezi uzito kwenye tairi, kinazuia usiibiwe. Sedani ambayo mkia wake unainuliwa kilo 9 au 10 ikiwa km 100 kwa saa itakuwa inainuliwa kilo 38 hivi ikiwa km 200.

Bawa ni kitu kingine. Limesimama juu ya miguu, hewa inapita juu na chini yake, na umbo lake ni la bawa la ndege lililogeuzwa kichwa chini. Kazi kubwa inafanywa na upande wa chini, ndiko hewa inakokimbia na kulinyonya bawa kwenda chini. Ndiyo maana Porsche 911 GT3 ya sasa inalining'iniza bawa lake kwa miguu inayolishika kutoka juu, shingo ya bata kabisa, ili upande wa chini ubaki safi.

Namba ulizoomba. Chukua bawa la urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 25, lililochongwa vizuri, likapata hewa safi. Kwa hewa ya usawa wa bahari linakupa takriban kilo 6 ukiwa km 60 kwa saa, kilo 11 ukiwa 80, kilo 16 ukiwa 100, kilo 24 ukiwa 120, kilo 42 ukiwa 160, na kilo 66 ukiwa 200. Spidi ikiongezeka mara mbili, mgandamizo unakuwa mara nne. Kwa hiyo hakuna spidi ambayo bawa "linawaka". Linafanya kazi muda wote, ila chini ya 100 kazi yenyewe haizidi kilo 16. Kwenye gari ya kilo 1,400, kilo 16 ni kama asilimia moja. 

Nairobi toa tena asilimia kama 15, maana iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi.

Kuhusu urembo, watengenezaji wenyewe wametoa ushahidi wa pande zote mbili. Audi TT ya kwanza iliuzwa bila kitu nyuma, umbo limelainika kama yai. Baada ya ajali za spidi kubwa Ujerumani, Audi waliziita gari kurudi, wakafunga kimdomo kidogo kwenye buti, wakarekebisha sasipenshen na kuongeza mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza. Kimdomo kile ni kidogo kuliko spoila nyingi za mtaani, lakini kilipimwa. Upande wa pili wa mizani kuna Lamborghini Countach: bawa lake lilikuwa la kuchagua na kulipia, na gari iliyofungwa bawa ilikuwa na mwendo wa juu mdogo kuliko isiyo nalo. Watu walilipia, wakapungukiwa spidi, na wakafurahi.

Ukitaka kuona bawa likifikishwa mwisho, tazama 911 GT3 RS ya kizazi cha 992. Porsche wanatangaza kilo 409 za mgandamizo kwa km 200 na kilo 860 kwa km 285. Hizo zinatoka kwenye gari nzima lakini, siyo bawa peke yake: kuna sakafu, kuna matundu juu ya magurudumu, kuna mabawa madogo ya mbele yanayojigeuza.

---

Mjumbe_254 alijibu:

Na magari ya rally je? Safari Rally kule Naivasha ni vumbi na mawe, na bado WRC (mashindano ya dunia ya rally) wanabeba mabawa makubwa kuliko ya gari za lami. Hiyo nayo ni urembo?

---

HewaNaKona alijibu:

Siyo urembo hata kidogo. Rally siyo mwendo wa pole, kwenye sehemu zilizonyooka wanakanyaga vizuri sana, na changarawe haina mshiko wa kutosha, kwa hiyo kila kilo inayoongezwa na hewa ina thamani. Tena gari ya rally inaruka. Ikiwa hewani, bawa linaamua mkia utatua vipi. Na ikienda kiubavu kwenye kona, zile bamba za pembeni zinakamata hewa na kusaidia kuunyoosha mkia. Kanuni za 2017 ziliporuhusu mabawa makubwa zaidi, timu zote zilichukua nafasi hiyo.

Impreza na Evo za barabarani zilirithi mabawa yao huko. Sheria zilitaka kitu kiwepo kwenye gari ya kuuza ndipo kiruhusiwe mashindanoni. Mfano ninaoupenda ni Toyota Celica GT-Four ST205: ile ya toleo la WRC ilikuja na vipande vya kunyanyulia bawa, ukivifunga linapanda juu zaidi. Toyota walijua kwamba bawa lililojificha nyuma ya kioo linakula hewa iliyokwisha kuvurugwa na paa.

Hapo ndipo mabawa mengi ya dukani yanapofeli. Kipimo cha haraka: simama nyuma ya gari, chuchumaa hadi macho yawe usawa wa bawa, tazama mbele. Ukiona kioo cha nyuma peke yake, sehemu ya katikati ya bawa iko kwenye kivuli cha hewa. Bawa la kweli kwenye sedani linakaa karibu na usawa wa paa.

---

NatiNaBolti alijibu:

Nitajibu swali la tatu, maana hapo ndipo pesa inapopotea.

Adui wa kwanza ni bati la mfuniko wa buti. Unene wake ni kama milimita 0.7 au 0.8. Gari iliyotoka kiwandani na bawa huwa imeandaliwa sehemu za kulishikia. Ya kwako haikuandaliwa. Ukifunga miguu ya bawa kwa washa ndogo moja kwa moja kwenye bati, mtikisiko wa barabara peke yake unatosha: bati linapinda, rangi inapasuka kuzunguka tundu, maji yanaingia, kutu inafuata. Hata kabla hujafika km 100 kwa saa. Bawa la kilo 5 likipita kwenye rasta kila siku linavuta na kusukuma bolti zake mara elfu nyingi.

Kwa hiyo chini ya kila mguu weka bamba la alumini la unene wa milimita 3, angalau sentimita 8 kwa 8, upande wa ndani wa mfuniko. Kona zake zizungushwe, kona kali inakata bati. Kama mbavu ya ndani ya mfuniko iko karibu, sogeza miguu ikae juu yake hata kama macho yanataka kwingine.

Utoboaji: bandika utepe wa karatasi juu ya rangi, pima kutoka mstari wa katikati ya gari, siyo kutoka ukingoni mwa taa, kwa sababu gari iliyowahi kugongwa taa zake hazilingani. Anza na drili ya milimita 3, kisha 6.5 kwa bolti ya M6 (unene wa milimita 6). Tandika kitambaa ndani ya buti kuzuia vumbi la chuma lisianguke kwenye zulia, chembe zile zinashika kutu na kuacha madoa. Laini kingo za tundu kwa tupa ndogo, futa kwa spiriti, paka praima na rangi, ACHA IKAUKE. Mafundi wengi wanaruka hapa kwa sababu mteja amekaa nje anangoja. Tundu lisilopakwa rangi linaanza kuvimba kabla masika hayajaisha, hasa Dar, Tanga au Mombasa kwenye hewa ya chumvi.

Kati ya mguu na bodi weka raba ya milimita 2. Silikoni iwe ile isiyo na harufu ya siki. Ile yenye harufu ya siki inatoa tindikali inapokauka na inakula chuma, yaani unaziba maji huku unakaribisha kutu. Nati ziwe zenye nailoni ndani. M6 kaza Nm (newtonmita) 8 hadi 10 tu, ukizidisha bati linabonyea na raba inakamuliwa nje. Rudi ukazie baada ya km 100, tena baada ya km 500, kwa sababu raba inajilaza.

Vitu ambavyo watu wanasahau: taa ya tatu ya breki. Kama ilikuwa kwenye buti na bawa linaifunika kwa aliye nyuma yako, umeiondoa gari kwenye usalama na askari anaweza kukusimamisha. Halafu springi au shokapu za mfuniko. Zilipimwa kwa uzito wa mfuniko mtupu, kwa hiyo ukiongeza kilo 5 ukingoni kabisa mfuniko unaanza kushuka wenyewe, na unashukia shingo ya anayepakia mizigo.

Kuhusu bawa lenyewe, fiberi nyepesi ya bei chee ina povu ndani au haina kitu kabisa. Kabla ya kulifunga, liegemeze kwenye miguu yake juu ya matofali mawili na uweke mfuko wa mchanga wa kilo 25 katikati. Likipinda ukaona kwa macho, libaki pambo na usilipeleke kwenye spidi. Bawa linaloanza kutetemeka kwenye km 140 linapasuka kwenye shina la mguu, na kinachofuata ni kipande cha fiberi kwenye kioo cha gari ya nyuma.

---

GiaTano aliandika:

Asanteni sana. Mkuu HewaNaKona, tuseme mtu ameshafunga vizuri na liko juu kwenye hewa safi. Linalazwa kwa pembe gani? Wengi wanalisimamisha kama ubao wa matangazo wakiamini ndivyo linavyokandamiza.

Na je, gari inayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Vitz au Fit?

---

HewaNaKona alijibu:

Ukilisimamisha sana hewa inashindwa kuufuata upande wa chini, inachanika na kuacha ombwe la vurugu nyuma yake. Mgandamizo unaporomoka, ukinzani (hewa kuivuta gari nyuma) unapaa. Mabawa mengi ya kipande kimoja yanafika kikomo hicho karibu na digrii 12 hadi 15. Na kumbuka hewa inayotoka kwenye paa la sedani haiji ikiwa imelala, inateremka. Ikiteremka digrii 5 na wewe umelaza bawa digrii 10, sehemu ya katikati inaona 15 tayari. Mabawa ya mashindano yaliyopindwa katikati yalipindwa kwa sababu hiyo.

Pima kwa rula ndefu kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma, weka juu yake kipima pembe (cha kwenye simu kinatosha), gari ikiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Anza na digrii 2 au 3, panda mbili mbili. Halafu bandika nyuzi za sufu za sentimita 6 upande wa chini wa bawa, moja kila sentimita 10, na gari nyingine ikupige video kutoka ubavuni, mahali pasipo na magari mengine. Uzi uliolala ukielekea nyuma, hewa inafuata. Uzi unaocheza ngoma au kugeukia mbele, hapo hewa imechanika. Rudisha digrii 2. Jaribio hili ni la bei ya uzi na utepe, na linakwambia ukweli kuliko maelezo ya kwenye boksi.

Kinachobaki ni kile kijiti kinachosimama ukingo wa nyuma wa bawa, kinachoitwa kwa jina la Dan Gurney, dereva mstaafu wa Marekani aliyekitumia kwenye gari ya timu yake mwaka 1971. Kwa bawa la sentimita 25, kimo cha milimita 3 hadi 5 kinatosha. Kinaongeza mgandamizo kwa ukinzani mdogo. Ukikiweka cha sentimita 3 umejenga ukuta.

Sasa mizani, na hapa ndipo nitakuvunja moyo. Bawa liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo linafanya kazi kama mtaimbo. Tuseme gari ina mita 2.54 kati ya ekseli. Bawa likiwa sentimita 90 nyuma ya ekseli na likakandamiza kilo 100, nyuma inapata kilo 135 na mbele INAPOTEZA 35. Hiyo bado sijahesabu ukinzani wa bawa lenyewe, ambao unavuta juu ya gari kurudi nyuma na kuinyanyua pua zaidi. Ukifunga bawa kubwa bila chochote mbele, kwenye kona ya kasi usukani unakuwa mwepesi na gari inakwenda nje. Wanaojua wanafunga kwanza mdomo wa chini ya bampa ya mbele, kisha wanatafuta bawa linalolingana nao. Barabara zetu na matuta yake, mdomo huo utaupoteza mwezi wa kwanza.

Vitz na Fit zina shida hiyo mara mbili: tairi zinazopoteza uzito ndizo zinazovuta na ndizo zinazokata kona. Kwenye uwanja wa mashindano hata gari za aina hiyo zinafunga bawa ili mkia usitoroke dereva anapofunga breki kwenye kona ya kasi, lakini mbele yake imeshatengenezwa. Kile kipande kifupi juu ya kioo cha nyuma cha Vitz kiache. Kina kazi ndogo ya kweli: kinaamua hewa ikatike wapi inapotoka kwenye paa, na hicho kinapunguza ukinzani kidogo. Na vile vijino vya papa kwenye paa la Evo pia ni vya kweli. Mitsubishi walivipima, vikapunguza namba ya ukinzani kwa 0.006 na namba ya kuinua kwa 0.006. Ni kidogo hivyo. Vya kubandika kwa gundi popote panapopendeza sivihesabu.

---

Mjumbe_254 alijibu:

Na mafuta? Kuna jamaa wanadai bawa linamaliza tangi.

---

HewaNaKona alijibu:

Bawa zuri lile la mfano wangu linakula takriban wati 560 kwenye km 100 kwa saa, chini ya nguvu ya farasi mmoja. Kwenye km 200 linakula farasi 6, kwa sababu spidi mara mbili inadai nguvu mara nane. Kwa Kenya, sheria ikiwa km 110, bawa lililolazwa vizuri hutaliona kwenye tangi. Lililosimamishwa kama ubao wa matangazo utaliona.

---

GiaTano aliandika:

Basi kwa njia zangu nimeshapata jibu, nabaki na kimdomo kidogo. Ila gari ilikuja na bawa la dukani tayari, matundu manne kwenye buti. Nikilitoa, matundu nayafanyaje?

---

NatiNaBolti alijibu:

Yasizibwe kwa putii peke yake, itadondoka. Kama bati halijala kutu, vizibo vya raba vya kipenyo cha tundu pamoja na silikoni vinakaa miaka, na kimdomo kikiwa kipana kinavifunika. Ukitaka bodi isafishwe kabisa, fundi ayachomelee kwa nukta, nukta moja upande huu, nyingine upande ule, akipumzisha bati lipoe. Akivuta mstari mmoja mrefu bati litajikunja na utalipa putii mara mbili. Upande wa ndani apake rangi ya zinki kabla ya kurudisha zulia.

Ukishalitoa, fungua buti kwa uangalifu mara ya kwanza. Kama mtu aliyelifunga alikazia springi ili zibebe uzito, mfuniko utaruka juu kwa nguvu. Springi za fimbo zina meno kwenye kishikio chake. Rudisha jino moja, kila upande, ukiwa umeushika mfuniko na mtu wa pili.

Kimdomo kikija na utepe wa gundi wa pande mbili, futa bodi kwa spiriti, bandika mchana wa jua bodi ikiwa na joto la kiganja, kandamiza kila sehemu nusu dakika, na usiioshe gari hadi kesho yake.